“I ate” au “I was eating”? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakati uliopita katika Kiingereza

Maswali haya yanarudi kila mara. Yanatoka kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania, ambao wametoka kusoma karibu kila somo kwa Kiswahili na ghafla wanakuta karibu vitabu vyote ni vya Kiingereza. Yanatoka pia kwa watu wazima wanaojiandaa kwa usaili wa kazi au wanaotakiwa kuandika ripoti. Majibu yamekusudiwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, kwa sababu makosa yake si yale ya Mfaransa wala ya Mwarabu. Panapofanana lugha hizi mbili tutapita haraka. Zinapoachana njia ndipo tutakaa.

Kwa ufupi, tofauti ya simple past na past continuous ni ipi?

Simple past hulichukua tendo zima, mwanzo hadi mwisho. “I ate” ni nilikula, na chakula kimekwisha. Past continuous hukuweka katikati ya tendo. “I was eating” ni nilikuwa nakula: saa ile ninayoizungumzia, sahani bado ilikuwa mbele yangu.

Tofauti hii unaijua tangu utotoni. Mtu akikwambia “alizama” na mwingine akakwambia “alikuwa anazama”, habari hizo mbili huzipokei kwa moyo mmoja. Wa kwanza amekufa, wa pili huenda aliokolewa. Kiingereza ni hivyohivyo: “He drowned” na “He was drowning”.

Zinaundwaje?

Simple past: kitenzi cha kawaida huongezewa -ed (“walk”, “walked”), na vile visivyofuata kanuni vina umbo lao (“go”, “went”). Umbo ni moja kwa nafsi zote isipokuwa kitenzi “be”, chenye “was” na “were”. Past continuous: “was” au “were”, kisha kitenzi chenye -ing. “I was reading”, “they were reading”.

Basi si nikariri tu kwamba -li- ni simple past na -likuwa -na- ni past continuous?

Usikariri hivyo. Kanuni hiyo itakusaidia katika sentensi nyepesi, halafu itakuangusha mbele ya watu. Kuna vitenzi ambavyo Kiswahili husema “nilikuwa na-” lakini Kiingereza hukataa -ing. Kuna vingine ambavyo Kiswahili hutumia -me- lakini Kiingereza hutaka -ing. Maswali mawili yanayofuata yanahusu mambo hayo, na kama huna muda wa kusoma ukurasa wote, soma hayo mawili.

Kwa nini mwalimu alikata “I was knowing him”? Mbona tunasema “nilikuwa namjua”?

Kwa sababu kujua si kitendo kinachofanyika hatua kwa hatua, ni hali. Katika Kiingereza vitenzi vya hali, yaani vya kujua, kutaka, kupenda, kuamini, kumiliki na kuhitaji, kwa kawaida havichukui -ing hata kama hali ilidumu miaka. Kiswahili hakina kizuizi hicho, ndiyo maana kosa hili linatushika sana.

“Nilikuwa namjua baba yake” ni “I knew her father”. “Nilikuwa nataka kuwa daktari” ni “I wanted to be a doctor”. “Nilikuwa naamini atarudi” ni “I believed he would come back”. “Nilikuwa sielewi” ni “I didn't understand”.

Kitenzi kinachosumbua kuliko vyote ni “have”. “I was having two cars” utaisikia mitaani na hata maofisini kwetu, lakini katika mtihani au barua ya kazi ni kosa. Kama “have” ina maana ya kumiliki, sema “I had two cars”. Kama ina maana ya kufanya jambo, -ing inaruhusiwa: “I was having lunch”, nilikuwa napata chakula cha mchana, “We were having a meeting”, tulikuwa kwenye kikao. Vivyo hivyo na “think”. Ukitoa maoni, ni hali: “I thought you were at home”, nilidhani uko nyumbani. Ukiwa unawaza, ni tendo: “I was thinking about you”, nilikuwa nakuwaza.

Jiulize: je, mtu angeweza kuniona nikilifanya? Kula anaweza kukuona, kuandika anaweza, kujua hawezi. Kipimo hiki hakitoshi kwa kila kitenzi, lakini kinaokoa alama nyingi.

“Alikuwa amevaa kanzu” nitasemaje? “He had worn a kanzu”?

Hapana. Sema “He was wearing a kanzu”.

Hapa Kiswahili kina utaratibu wake mzuri. Mtu akishavaa, akishakaa, akishasimama au akishalala, sisi tunaihesabu hatua ile kuwa imekamilika na tunatumia -me-: amevaa, amekaa, amesimama, amelala. Kiingereza hakiitazami hatua iliyokamilika, kinaitazama hali inayoendelea. Kwa hiyo:

“Alikuwa amesimama mlangoni” ni “She was standing at the door”.
“Walikuwa wamekaa chini ya mwembe” ni “They were sitting under the mango tree”.
“Mtoto alikuwa amelala” ni “The child was sleeping” au “The child was asleep”.
“Alikuwa amebeba ndoo” ni “She was carrying a bucket”.
“Alikuwa ameshika panga” ni “He was holding a machete”.
“Walikuwa wamejificha” ni “They were hiding”.

Kundi la pili la -me- halichukui -ing wala “had”, linachukua sifa. Alikuwa amechoka: “He was tired”. Alikuwa amekasirika: “He was angry”. Alikuwa ameshiba: “He was full”. Alikuwa amelewa: “He was drunk”.

Kundi la tatu ndilo lenye “had”: “Nilipofika, alikuwa ameondoka”, yaani “When I arrived, he had left”. Hapo kuna matendo mawili na moja lilitangulia jingine.

Utayatenganishaje? Piga picha ya tukio kichwani. Kama katika picha hiyo mtu yupo na unamwona katika mkao fulani, tumia “was” na -ing. Kama unaona hali ya mwili au ya moyo, tumia “was” na sifa. Kama tendo lilikwishapita na kilichobaki ni matokeo tu, kiti kitupu kwa mfano, tumia “had”.

Nikisimulia kisa, hizi -ka- zote nizifanyeje?

Zote ni simple past. “Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi, nikampikia mama” ni “I went to the market, bought some fish, came back and cooked for my mother”. Huna haja ya kuweka “then” kila mahali. Mfuatano wa vitenzi wenyewe unatosha, na insha yenye “then” sita katika aya moja inachosha.

Nikieleza ajali, nitumie ipi?

Zote mbili, na mahali pa kila moja pana uzito. Chukua maelezo haya: “Nilikuwa navuka barabara, mara bodaboda ikatokea, ikanigonga, nikaanguka.” Kwa Kiingereza: “I was crossing the road when a motorbike appeared and hit me, and I fell.”

“Was crossing” ndilo tendo lililokuwa likiendelea, ndilo uwanja wa kisa. “Appeared”, “hit” na “fell” ni matukio yaliyoingia uwanjani, moja baada ya jingine. Sasa tazama ukiandika “I crossed the road when the motorbike came”. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba pikipiki ilikuja kwanza, ndipo wewe ukavuka. Yaani uliiona, ukajitosa. Kama maelezo hayo ni ya polisi au ya bima, umejibebesha lawama kwa kukosa “was” na -ing. Kwa sababu hiyo siwaelewi wanaosema sarufi ni ya darasani tu.

Kanuni ya “when” ndiyo hii. Simple past pande zote mbili, matendo yamefuatana: “When the lights went out, we lit a lantern”, umeme ulipokatika tuliwasha taa ya mafuta. Past continuous upande mmoja, tendo moja limelikuta jingine likiendelea: “When the lights went out, we were eating”, umeme ulipokatika tulikuwa tunakula.

“When”, “while” na “during” zinatofautianaje?

“While” hupenda tendo linaloendelea: “While I was waiting for the bus, it started to rain.” Hufaa pia kwa matendo mawili yanayokwenda pamoja: “Mum was cooking while we were doing our homework.” “During” hufuatwa na nomino, si sentensi: wakati wa vita ni “during the war”, wakati wa mtihani ni “during the exam”. Kosa linatokana na neno letu “wakati”, linalofanya kazi zote mbili.

“Nilimwona akivuka” ina “was” au haina?

Haina. “I saw him crossing the road”. Usiandike “I saw him was crossing”. Hiyo -ki- ya Kiswahili baada ya kuona au kusikia inakwenda na -ing peke yake: “I heard her singing”, nilimsikia akiimba.

Tendo likichukua muda mrefu, lazima liwe past continuous?

Hapana, na fikra hii inawapoteza wengi. Urefu wa tendo hauamui, kinachoamua ni namna unavyolitazama. “My grandmother lived in Tanga all her life” ni simple past, ingawa ni maisha mazima. Kwa upande mwingine, “I was opening the door when the phone rang” ni past continuous, na kufungua mlango ni jambo la sekunde chache.

Chukua mfano wa historia. Mwaka 1954, TANU ilipoanzishwa, Julius Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, na mwaka uliofuata akaacha kazi hiyo ili ashughulikie siasa. Ukitaka kusema alikuwa nani na alifanya kazi wapi, andika “Nyerere taught at Pugu”. Hiyo ni taarifa kamili. Ukitaka kuonyesha hali ilivyokuwa pale chama kilipozaliwa, andika “When TANU was founded in 1954, Nyerere was teaching at Pugu. The following year he left teaching.” Zote ni sahihi. Ya pili inamweka msomaji ndani ya mwaka 1954.

Matukio yenye tarehe yake, katika insha ya historia, huandikwa kwa simple past bila kusita: “Tanganyika became independent on 9 December 1961. Kenya became independent on 12 December 1963.”

Kwa nini “I didn't went” ni kosa?

Kwa sababu “did” imekwishabeba wakati uliopita, na kitenzi kinachofuata kinarudi katika umbo lake la msingi: “I didn't go”, “Did you go?”. Sisi pia hatuurudii wakati mara mbili. Kutoka “nilikwenda” tunapata “sikwenda”, -li- inaondoka na -ku- inashika nafasi yake. Hakuna anayesema “silikwenda”.

Past continuous haihitaji “did” kabisa: “I wasn't sleeping”, “Were you sleeping?”. Na usisahau kwamba “be” yenyewe haitaki “did”: “I wasn't at home”, kamwe “I didn't was at home”.

Je, naweza kusema “I have seen him yesterday”?

Kiswahili cha mazungumzo kinaruhusu “nimemwona jana”, Kiingereza hakiruhusu. Ukitaja wakati uliokwisha, kama jana, juzi, mwaka 2019 au asubuhi ile, tumia simple past: “I saw him yesterday”.

Na maneno ya wakati yenyewe yana mitego. Jana usiku ni “last night”, si “yesterday night”. Wiki iliyopita ni “last week” bila “in” mbele yake. Miaka mitatu iliyopita ni “three years ago”, si “before three years”. Juzi ni “the day before yesterday”, na mwaka juzi ni “the year before last”.

Nikitaja saa je?

Badilisha saa kwanza, sarufi baadaye. “Jana saa mbili usiku nilikuwa natazama taarifa ya habari” ni “At eight o'clock last night I was watching the news”. Ukisema “at two”, umejiweka mbele ya televisheni usiku wa manane. Saa iliyotajwa kamili mara nyingi huita past continuous kama unaeleza ulikuwa unafanya nini, na huita simple past kama unaeleza kilichotokea: “At eight the news started.”

Kwa nini vitenzi vinavyotumika kila siku ndivyo visivyofuata kanuni?

Ni kwa sababu vinatumika kila siku. “Be”, “have”, “do”, “say”, “go”, “get”, “make”, “know”, “take”, “come”, “see”: havikomi kutamkwa, kwa hiyo maumbo yake ya kale hayakupata nafasi ya kusahaulika. Vinavyotumika kidogo zaidi huvutwa na -ed, ingawa hata “help”, ambayo zamani ilikuwa na umbo “holp”, leo ni “helped” tu. Vitenzi vipya vyote huingia kwa -ed, kama “texted”. “Went” yenyewe ilikuwa ya kitenzi kingine, “wend”, ikahamia kwa “go” na kubaki huko.

Mimi siamini katika kukariri orodha kwa alfabeti. Zipange kwa sauti, uzisome kwa sauti: “bring, brought, buy, bought, think, thought, fight, fought”. Halafu “sing, sang, ring, rang, drink, drank, swim, swam”. Halafu zisizobadilika: “cut, put, hit, shut, cost”. “Read” huandikwa vilevile, lakini wakati uliopita hutamkwa “red”. Sikio likishazoea, kalamu itafuata.

-ed hutamkwaje? Mimi nasema “walkedi”.

Wengi wetu tunaongeza irabu kwa sababu maneno yetu huishia na irabu. Kuna matamshi matatu. Kitenzi kikiishia na sauti t au d, -ed ni silabi kamili: “wanted” ni wontid, “needed” ni niidid. Kikiishia na sauti kama p, k, f, s, sh au ch, -ed ni t tu: “cooked” ni kukt, “washed” ni wosht. Vilivyobaki ni d: “played” ni pleid, “called” ni kold. Usiongeze silabi isipokuwa katika kundi la kwanza.

Tahajia?

“Stop” huwa “stopped” na “stopping”. “Study” huwa “studied” lakini “studying”. “Write” hupoteza e, “writing”. “Lie” na “die” huwa “lying” na “dying”. Waingereza huandika “travelled”, Wamarekani “traveled”. Chagua moja na ubaki nayo.

Zamani nilikuwa nafanya kazi Mombasa. “I was working in Mombasa”?

Kama ni desturi au kipindi cha maisha kilichokwisha, sema “I used to work in Mombasa” au “I worked in Mombasa”. “I was working in Mombasa” inamwacha msomaji akisubiri: halafu? Ulikuwa unafanya kazi huko, ndipo nini kikatokea? Inakubalika ukiikamilisha: “I was working in Mombasa when I met my wife.”

Katika usaili na wasifu wa kazi, chagua simple past. “I worked as an accountant from 2015 to 2019. I prepared the monthly reports and trained two assistants.” Anayeajiri anataka kujua ulichokamilisha, na “I was preparing reports” haimwambii kama ripoti hizo ziliwahi kukamilika.

“Lilikuwa linajengwa” husemwaje?

“Was being built”. Mwaka 2014 Daraja la Kigamboni lilikuwa linajengwa: “In 2014 the Kigamboni Bridge was being built.” Mwaka 2016 lilifunguliwa: “It was opened in 2016.”

Nasikia watu wakisema “I was wondering” wakati wanauliza sasa hivi. Ni sahihi?

Sahihi, na ni adabu. “I was wondering if you could help me.” Wakati uliopita hapa unapunguza makali ya ombi na kumpa mwenzako nafasi ya kukataa bila aibu. Ni ile ile ya dukani kwetu: “Samahani dada, nilikuwa naulizia vitenge.” Bado unavihitaji.

Na jambo nililopanga halafu lisifanyike?

Tumia “was going to”. “Nilikuwa nikupigie jana, simu ikazima” ni “I was going to call you yesterday, but my phone died.” Kwa safari iliyokwisha kupangwa, past continuous peke yake inatosha: “We were leaving on Friday, but the trip was postponed”, tulikuwa tunaondoka Ijumaa, safari ikaahirishwa.